Jaji Navi Pillay: Cheo Kinapanda, Rungu Linapungua

Ukisoma wasifu wa Navanethem Pillay harakaharaka, utaona ngazi iliyonyooka: mtoto wa dereva wa basi wa Durban, wakili, jaji, rais wa mahakama ya kimataifa, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Ukiusoma polepole, utaona kwamba kadiri cheo kilivyopanda, ndivyo rungu lilivyopungua. Akiwa wakili wa kawaida aliweza kupata amri ya mahakama ya kuwafunga polisi mikono. Akiwa jaji Arusha, alishiriki kumpeleka mtu jela maisha. Alipofika Geneva, na dunia nzima ikamjua kwa jina la Navi, hakuwa na uwezo wa kumwita hata balozi wa nyumba kumi aje ajieleze.

Kutolijua hilo ndiko kunakoleta mabishano mengi mitandaoni. Ripoti ya Umoja wa Mataifa (UN) ikitoka, mmoja anaandika "UN imehukumu", mwingine anajibu "UN haijasema kitu", na wote wawili wana kipande cha ukweli. Njia rahisi ya kuyatenganisha mambo haya ni kumfuata mtu mmoja aliyekalia karibu viti vyote.

Pillay alizaliwa Septemba 1941 huko Clairwood, Durban, katika familia ya Wahindi wa asili ya Kitamil. Mshahara wa baba haukutosha kumpeleka mtoto chuo kikuu, kwa hiyo Wahindi wa eneo lao wakachangishana. Akasoma Chuo Kikuu cha Natal na kupata shahada ya sheria mwaka 1965. Kutafuta ajira ndiko kukawa kazi. Kampuni za mawakili zilikuwa za Wazungu, na jibu alilopewa ni kwamba haiwezekani mfanyakazi Mzungu apokee maagizo kutoka kwa mtu asiye Mzungu. Mwaka 1967 akafungua ofisi yake, mwanamke wa kwanza asiye Mzungu kufanya hivyo katika jimbo la Natal. Wanaomwandikia sifa hulipamba jambo hilo. Yeye mwenyewe hulieleza kikavu: hakuwa na njia nyingine.

Wateja wake wengi walikuwa wapinzani wa makaburu. Sheria za utawala ule zilikuwa dhalimu, lakini zilikuwa zimeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kusomwa mbele ya jaji. Mwaka 1971 mumewe, Gaby Pillay, naye wakili, alitiwa kizuizini. Ombi ambalo Pillay alilipeleka mahakamani lilikuwa jembamba na la busara: polisi wazuiwe kutumia njia haramu wanapomhoji. Akashinda. Mwaka 1973 akashinda tena, safari hii kwa ajili ya wafungwa wa kisiasa wa Robben Island, Nelson Mandela akiwa mmoja wao, wapate haki ya kuonana na mawakili. Makaburu hawakuanguka kwa hukumu hizo, lakini mtu aliyekuwa selo alijua kuna aliye nje anayehesabu alama za mwili wake.

Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 28, na katikati yake akaenda Harvard, ambako mwaka 1988 alikuwa raia wa kwanza wa Afrika Kusini kupata udaktari wa sheria wa chuo hicho. Mwaka 1992 alishiriki kuanzisha shirika la Equality Now linalotetea haki za wanawake. Mwaka 1995 serikali ya Mandela ikampa ujaji wa muda wa Mahakama Kuu. Katika miaka yote ya uwakili wake chini ya makaburu, mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kuingia chumba cha jaji. Chumba cha kwanza cha jaji alichoingia kilikuwa chake.

Hakukaa humo muda mrefu. Mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilimchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na kituo cha kazi kikawa Arusha.

Wakazi wa Arusha wa miaka ile wanalikumbuka jengo la mikutano la AICC, mahakama ilimokuwa, na walinzi wake, na magari yenye vioo vyeusi yaliyowaleta mashahidi ambao majina yao hayakutajwa. Mahakama ile ilikuwa kiumbe cha Baraza la Usalama, iliyoundwa kwa azimio namba 955 la Novemba 1994. Rwanda, ambayo wakati huo ilikuwa na kiti katika baraza hilo, iliiomba mahakama hiyo, kisha ikawa nchi pekee iliyopiga kura ya kuipinga. Haikupenda mahakama isiyo na adhabu ya kifo, haikupenda ikae nje ya Rwanda, wala haikupenda mipaka ya muda iliyowekwa: uhalifu wa mwaka 1994 tu, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31. Msomaji aishike mipaka hiyo ya muda, kwa sababu itatuhusu tukifika Kongo.

Kesi iliyomjengea Pillay jina ni ya Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ndogo ya Taba. Alikamatwa Zambia Oktoba 1995 na kesi ikaanza Januari 1997 mbele ya majaji watatu: Laïty Kama wa Senegal aliyekuwa mwenyekiti, Lennart Aspegren wa Sweden, na Pillay, ambaye kwa miaka minne ya kwanza alikuwa jaji mwanamke pekee katika mahakama nzima. Hati ya mashtaka ilitaja mauaji na mateso. Ubakaji haukutajwa hata kwa neno moja.

Kisha akaja shahidi aliyepewa herufi J. Alieleza jinsi Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, walivyokuja kumuua baba yake, na katikati ya maelezo hayo akasema kwamba watatu kati yao walimbaka binti yake wa miaka sita. Mwendesha mashtaka hakuwa amemleta kwa ajili ya hilo. Majaji wakamhoji zaidi. Miezi miwili baadaye shahidi H akaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa, na kwamba aliona wanawake wengine wakibakwa karibu na ofisi ya wilaya, pale ambapo Watutsi walikuwa wamekimbilia wakidhani serikali itawalinda.

Hapa watu wengi husimulia kana kwamba Pillay aliinuka akaongeza shtaka. Jaji hana uwezo huo. Anayeshtaki ni mwendesha mashtaka. Jaji anaweza kuuliza swali, kisha akasubiri. Yaliyotokea ni mkusanyiko wa mambo: maswali ya benchi, ushahidi wa wanawake wa Taba, mashirika ya wanawake yaliyoiandikia mahakama yakidai hati irekebishwe, na hatimaye mwendesha mashtaka kuomba ruhusa ya kuirekebisha. Juni 1997 hati ikabadilishwa. Kwa maoni yangu kuwapo kwa Pillay mezani kulileta tofauti, maana wanaume wawili wangeweza kuyapita maneno ya shahidi J kama walivyoyapita wapelelezi. Lakini sifa kubwa ni ya mashahidi, waliosema Kinyarwanda ndani ya chumba kilichojaa wageni, maneno yao yakipita kwenye Kifaransa kabla hayajafika kwenye Kiingereza.

Septemba 2, 1998 hukumu ilisomwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi, na mara ya kwanza kwa ubakaji kutambuliwa kuwa njia ya kutenda kosa hilo. Mkataba wa mwaka 1948 unataja vitendo vitano vinavyoweza kuwa mauaji ya kimbari vikifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Kuua ni kimoja tu. Kingine ni kuwasababishia watu wa kundi hilo madhara makubwa ya mwili au akili, na majaji walisema ubakaji wa wanawake wa Kitutsi kule Taba uliingia hapo. Nia ndiyo inayolitenganisha kosa hili na mauaji mengine, hata yakiwa ya watu wengi kiasi gani. Akayesu alipewa kifungo cha maisha na akapelekwa kukitumikia Mali.

Miaka mitano baadaye, Pillay akiwa mwenyekiti wa benchi, ikatolewa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari, iliyowahusu waasisi wawili wa redio RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura, walioshtakiwa kwa kuchochea mauaji ya Watutsi. Wawili walipata maisha na mmoja miaka 35. Mahakama ya rufaa ilizipunguza adhabu zote tatu mwaka 2007 na kufuta baadhi ya makosa, ikiona majaji wa awali walikwenda mbali mno katika kuunganisha maneno na vifo. Wapenda wasifu wa kusifu hukiruka kipande hicho. Mimi nakiona cha lazima, kwa sababu swali la neno la hatari linaanza kuwa kosa la jinai lini halijafungwa hadi leo, na kwa nchi zetu zenye redio za makabila si swali la vitabuni.

Kuanzia 1999 hadi 2003 alikuwa pia rais wa mahakama hiyo, na hapo ndipo alipoanza udiplomasia, atake asitake. Mahakama ya kimataifa haina polisi. Akayesu alifika Arusha kwa sababu Zambia ilimkamata, alifungwa kwa sababu Mali ilikubali kumpokea, na mashahidi walifika kwa sababu Rwanda iliwaruhusu kupanda ndege. Mwaka 2002, ofisi ya mwendesha mashtaka ilipokuwa ikitaka kuchunguza pia makosa ya askari wa RPF, waliokuwa waasi kabla ya kushika madaraka Rwanda, mashahidi kutoka Rwanda waliacha kufika na kesi zikakwama. Rais wa mahakama alichoweza kufanya ni kulalamika kwa Baraza la Usalama. Jaji anayeweza kumfunga waziri mkuu wa zamani hakuweza kumtoa shahidi mmoja Kigali.

Mwaka 2003 akahamia The Hague, akiwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kitengo cha rufaa. Kwa miaka mitano kazi yake haikuonekana sana na umma, na hapa inatosha kutaja jambo moja: ICC haiwezi kushughulikia uhalifu uliofanyika kabla ya Julai 1, 2002.

Septemba 2008 akaingia Palais Wilson mjini Geneva kama Kamishna Mkuu. Cheo hicho kiliundwa na Baraza Kuu Desemba 1993, baada ya mkutano wa haki za binadamu wa Vienna wa mwaka huo. Katibu Mkuu anateua, Baraza Kuu linaidhinisha. Kamishna Mkuu si jaji wala mwendesha mashtaka. Anaajiri watu wa kuchunguza, anaandika, anashauri serikali, anazungumza nazo faraghani, na anapoona faragha haisaidii, anasema hadharani. Zaidi ya nusu ya fedha za ofisi yake hutokana na michango ya hiari, na wengi wa wachangiaji ni serikali zilezile anazotakiwa kuzikosoa.

Watu huichanganya ofisi hiyo na Baraza la Haki za Binadamu, ambalo liko Geneva hiyohiyo. Baraza ni nchi 47 zinazochaguliwa, kila moja na balozi wake na maslahi yake. Ofisi ya Kamishna ni watumishi. Tofauti hiyo ilionekana wazi miaka ya baadaye: Agosti 31, 2022, dakika chache kabla ya muda wake kuisha, Kamishna Mkuu wa wakati huo, Michelle Bachelet, alitoa ripoti ya ofisi kuhusu hali ya haki za binadamu katika eneo la Xinjiang, China. Oktoba mwaka huo, Baraza lilipigia kura pendekezo la kuijadili tu ripoti hiyo, na likakataa: kura 19 dhidi ya 17, nchi 11 zikijizuia. Kwa hiyo ukisikia "UN Geneva imesema", uliza kwanza ni nani: watumishi, au mabalozi?

Tena kuna ofisi za nchini. Hizo hukaa kwa ridhaa ya mwenyeji. Ile ya Burundi ilifungwa Februari 2019 kwa shinikizo la serikali, na ya Uganda Agosti 2023 baada ya Kampala kukataa kuongeza mkataba. Kongo imebaki na ofisi ya haki za binadamu, ya pamoja kati ya Kamishna na kikosi cha kulinda amani, tangu 2008, na huko Goma, Bukavu na Bunia kazi ya kila siku ya kumkalisha mwathirika chini na kuandika anachosema imekuwa ikifanyika kwa Kiswahili kwa kiasi kikubwa. Wanaoniuliza mtu anaingiaje kwenye kazi hizi huwa wanafikiria Geneva na suti. Wengi walioanza vizuri walianzia kwenye kiti cha plastiki, daftari mkononi, wakijifunza kutomwuliza mama maswali ambayo yatamfanya aishi tena siku ile bila sababu.

Kongo ndiko kulikotoka kazi nzito kuliko zote za kipindi cha Pillay. Kati ya Oktoba 2008 na Mei 2009, timu ya ofisi yake ilizunguka nchi ile ikikusanya ushahidi wa uhalifu mkubwa uliofanyika kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Walihoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kupitia nyaraka zisizopungua 1,500. Ripoti iliyotokana na kazi hiyo, ambayo Wakongo huiita Ripoti Mapping, ina kurasa zaidi ya 550 na matukio 617, kila tukio likiwa na angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Humo yamo mauaji ya Watutsi na ya Wahutu, ya Wakongo wa makabila mengi, na ya wakimbizi wa Rwanda waliofuatwa msituni hadi Tingi-Tingi na Mbandaka.

Kifungu kilichowasha moto kilihusu wakimbizi hao Wahutu mwaka 1996 na 1997. Kilisema mashambulizi dhidi yao yana dalili ambazo, zikithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, zinaweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari. Soma tena masharti yaliyomo: zikithibitishwa, mahakama yenye mamlaka, zinaweza. Wanasheria waliipima kila silabi. Lakini Agosti 2010 rasimu ilivuja katika gazeti la Le Monde, na Rwanda, ambayo jeshi lake ndilo lililotajwa pamoja na waasi wa Kongo wa AFDL, ikatishia kuondoa askari wake wa kulinda amani huko Darfur. Katibu Mkuu Ban Ki-moon akafunga safari kwenda Kigali. Pillay akaahirisha kuitoa kwa mwezi mmoja ili nchi zilizotajwa ziandike majibu yao, na Oktoba 1, 2010 ikatoka, baadhi ya maneno yakiwa yamelainishwa.

Wapo wanaosema alirudi nyuma. Wapo wanaosema alisimama imara, kwa sababu ripoti ilitoka na kifungu kile kikiwamo. Mimi nawaunga mkono zaidi hawa wa pili, ila si kwa asilimia mia. Kulainisha maneno baada ya kitisho kunafundisha serikali nyingine kwamba kitisho kinalipa. Kutoitoa kabisa kungefundisha jambo baya zaidi, na wapo walioitaka hivyo.

Halafu ikawaje? Hapa ndipo mipaka ya muda tuliyoitaja inapouma. Mahakama ya Arusha ilikuwa na mamlaka juu ya mwaka 1994 pekee. ICC inaanzia Julai 2002. Sehemu kubwa ya matukio yale 617 ilitokea katika pengo lililobaki kati ya mahakama hizo mbili. Pillay alikuwa amekaa kwenye benchi la upande huu wa pengo na la upande ule, kisha akiwa Kamishna akaandika kilichomo katikati, bila mahakama ya kukipeleka. Ripoti ilipendekeza miongoni mwa mengine mahakama maalumu ya mchanganyiko, yenye majaji Wakongo na wa kigeni. Agosti 2011 Seneti ya Kongo iliukataa muswada wa kuanzisha chombo cha namna hiyo. Majina ya watuhumiwa hayamo kwenye ripoti. Yamehifadhiwa kwa siri katika ofisi ya Geneva. Daktari Denis Mukwege, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo Desemba 2018, aliwaambia waliomsikiliza kwamba ripoti hiyo inaoza ndani ya droo New York.

Kwa hiyo ni kazi bure? Wanaosema hapana huonyesha kazi aliyoifanya Pillay kuhusu vita vya Syria. Ofisi ya Pillay iliagiza hesabu ya waliouawa. Hawakukadiria. Walichukua orodha za makundi mbalimbali na kuondoa majina yaliyojirudia, na kila ingizo lililokosa jina kamili, tarehe au mahali pa kifo likatupwa. Januari 2013 wakatangaza 59,648. Mwaka mmoja baadaye ofisi ikasimamisha hesabu kwa kuwa haikuweza tena kuthibitisha. Agosti 2014 ikatoka hesabu mpya: 191,369, na wote walijua ni pungufu ya ukweli. Wiki hiyohiyo Pillay, siku chache kabla ya kuondoka, aliliambia Baraza la Usalama usoni kwamba lau lingeitikia zaidi, mamia ya maelfu ya watu wangeokolewa. Urusi na China zilikwishapiga kura ya turufu mara kadhaa. Kamishna hana turufu, ana orodha.

Zipo siku ambazo mdiplomasia alimshinda mtetezi ndani yake. Desemba 2010 Tuzo ya Nobel ilipotolewa kwa Liu Xiaobo, Mchina aliyekuwa gerezani, Pillay hakwenda Oslo, akisema ana shughuli ya Siku ya Haki za Binadamu Geneva. Mashirika ya haki yalimshambulia, na sioni utetezi mzuri wa uamuzi ule. Sri Lanka ilikuwa kinyume chake. Alipoizuru Agosti 2013 aliondoka akisema nchi inaelekea kwenye udikteta, na wanasiasa wa huko wakamwambia anasema hivyo kwa kuwa ni Mtamil, jamii ambayo waasi wake walipigana na serikali ya huko. Alikuwa amezaliwa Durban na kukulia Durban.

Warithi na watangulizi wake walijikwaa kwenye jiwe hilohilo. Zeid Ra'ad Al Hussein, aliyempokea kijiti, aliwaandikia wafanyakazi wake mwishoni mwa 2017 kwamba hataomba awamu ya pili, kwa sababu kufanya hivyo kungeweza kumlazimu kupiga goti. Ndiyo tabia ya kiti chenyewe: anayekikalia vizuri huwa amewaudhi wanaoweza kumrudisha.

Baada ya kustaafu Pillay alirudi kwenye viti viwili vinavyochanganya watu hata zaidi. Cha kwanza ni ujaji wa kesi moja katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, pale Gambia ilipoishtaki Myanmar Novemba 2019 kuhusu Warohingya, jamii ya Waislamu wa Myanmar. Mahakama hiyo husikiliza nchi dhidi ya nchi, haimfungi mtu, na nchi isiyo na raia wake kwenye benchi inaruhusiwa kuteua jaji wa kesi hiyo tu. Gambia ilimteua Pillay. Aliyeteuliwa hivyo anaapa kama majaji wengine na halazimiki kuipendelea nchi iliyomteua.

Cha pili ni uenyekiti wa tume ya uchunguzi kuhusu maeneo ya Palestina yanayokaliwa na Israel, iliyoundwa na Baraza la Haki za Binadamu Mei 2021. Wajumbe wa tume za aina hii hawalipwi mshahara, si watumishi wa Umoja wa Mataifa, na hawasemi kwa niaba ya Katibu Mkuu. Baraza huwaagiza, lakini haliandiki matokeo yao. Septemba 16, 2025, Pillay akiwa na umri wa miaka 83 na akiwa amekwisha tangaza kujiuzulu, tume hiyo ilitoa ripoti iliyosema Israel imetenda mauaji ya kimbari Gaza, kwa kutimiza vitendo vinne kati ya vile vitano vya mkataba wa 1948. Israel iliikataa ripoti yote, kama ilivyoikataa tume tangu mwanzo.

Siku hiyo mabishano ya mitandaoni yalikuwa yaleyale. UN imesema, UN haijasema. Katibu Mkuu António Guterres amekuwa akishikilia kwamba kuamua kama ni mauaji ya kimbari ni kazi ya mahakama, na kwa kiti chake yuko sahihi. Tume ilitumwa kuchunguza ukweli na kuupima kwa sheria, na kwa kiti chake nayo ilikuwa sahihi. Hukumu inasubiriwa ICJ, katika kesi iliyofunguliwa na Afrika Kusini Desemba 29, 2023. Majaji wa huko hawafungwi na ripoti ya tume, ingawa wanaweza kuisoma. Kwa suala la nia, kipimo chao ni kikali: nia ya kuangamiza lazima iwe ndiyo tafsiri pekee inayokubalika ya yale yaliyofanyika, si mojawapo ya tafsiri. Tume ya Pillay ilisema imetumia kipimo hichohicho. Kama ushahidi wake utasimama mbele ya benchi la majaji kumi na tano au zaidi, huku mawakili wa Israel wakiuchambua mstari kwa mstari, hilo ni jambo ambalo mwenyekiti wa tume hana tena mkono ndani yake.